Nafasi ya Kwanza na ya Mwisho

Ukiingia Heinold's First and Last Chance Saloon, kibaa cha mbao kilichoko bandarini Oakland, California, unapepesuka kabla hujagusa glasi. Tetemeko la ardhi la mwaka 1906 lilididimiza jengo, sakafu na kaunta vikainama, na mpaka leo wenyewe hawajavinyoosha. Mgeni aliyetoka kunywa chai hotelini hutembea humo kama mtu aliyekesha kilabuni.

Kibanda hicho kilijengwa mwaka 1880 kwa mbao za meli kuukuu ya kuvulia nyangumi, kikawa malazi ya wavuna chaza. Miaka mitatu baadaye Johnny Heinold alikinunua kwa dola 100 akafungua baa. Jina lilitokana na feri. Ng'ambo ya maji ulikuwepo mji wa Alameda, ambako kuuza pombe kulikuwa marufuku. Basi aliyekuwa akivuka alipata kwa Heinold nafasi ya mwisho ya kunywa, na aliyekuwa akirudi alipata nafasi ya kwanza. Lilikuwa jina la kibiashara tu, la kuita wateja. Hakuna aliyedhani kwamba siku moja lingefaa kuandikwa juu ya mlango wa fungu zima la fasihi ya Marekani.

Mteja wake maarufu kuliko wote alianza kufika akiwa mtoto. Jack London, aliyezaliwa mwaka 1876, alisomea kwenye meza za baa hiyo. Alipofika miaka 15 akanunua mashua ya kuibia chaza, na mapatano yakafungwa kwa wiski palepale kaunta. Baadaye Heinold huyohuyo alimkopesha ada ya chuo kikuu. Mwaka 1913 London, sasa mwandishi tajiri, alichapisha John Barleycorn, kumbukumbu za maisha yake na chupa. Kitabu kinaanza akimweleza mkewe kwamba amepiga kura ya kuwapa wanawake wa California haki ya kupiga kura. Sababu yake? Wanawake wakipata kura watazifunga baa, na vijana wa kesho hawatakulia humo kama alivyokulia yeye.

Kisha anasimulia, ukurasa baada ya ukurasa, jinsi alivyokunywa: baharini, bandarini, mezani pa waandishi, peke yake asubuhi. Na katikati ya ushahidi wote huo anashikilia kwamba yeye si mlevi hasa. Mwishoni anaamua kuendelea kunywa, ila kwa uangalifu zaidi. Wapinzani wa pombe walikishangilia kitabu hicho kama silaha yao. Mwandishi mwenyewe alifariki Novemba 1916, akiwa na miaka 40, kwenye shamba lake la Glen Ellen, bonde la mizabibu, katika nyumba ndogo iliyokuwa imezungukwa na majengo ya kiwanda cha zamani cha divai. Marufuku ya pombe nchini kote ilianza Januari 1920, wakati yeye hayupo tena. Leo eneo zima la bandari ya Oakland linaitwa Jack London Square, na baa iliyomlea ni mojawapo ya kumbukumbu zake. Inauza bia.

John Barleycorn si hadithi fupi. Lakini yule msemaji wake, mtu anayejua kila kitu kuhusu ulevi isipokuwa kwamba ulevi wenyewe ni wake, ndiye anayeifungua historia ya hadithi fupi za Kimarekani kuhusu walevi. Wanafunzi wetu hufundishwa kinaya kama tukio: mambo yanakwenda kinyume na yalivyotarajiwa. Katika hadithi za walevi na waraibu, kinaya hakikukaa mahali pamoja. Kilianzia kwenye mkia wa kisa, kikapanda taratibu mpaka kikafika mdomoni mwa anayesimulia. Na kilichokipandisha, zaidi ya chochote kingine, ni desturi moja ya mkutanoni: mlevi kusimama mbele ya watu na kutoa ushuhuda.

Desturi hiyo ilizaliwa baa. Aprili 1840, wanywaji sita waliokuwa wakikutana Chase's Tavern, mjini Baltimore, waliwatuma baadhi yao wakamsikilize mhubiri wa kupinga pombe, pengine kwa mzaha. Waliotumwa walirudi wameguswa. Sita hao wakaapa kuacha, wakaanzisha chama, wakakiita kwa jina la George Washington. (Washington mwenyewe alikuwa na kiwanda cha wiski shambani kwake Mount Vernon, mwaka 1799 kilitoa karibu galoni 11,000. Waanzilishi hawakujali, au hawakujua.) Kabla yao, kuhubiri dhidi ya pombe ilikuwa kazi ya wachungaji na madaktari, watu waliolitazama shimo kutoka juu. Hao sita walileta jambo jipya: aliyekuwa shimoni ndiye azungumze.

Watu walimiminika kusikiliza, na mahali penye wasikilizaji pana soko. Ushuhuda ukageuka bidhaa yenye umbo lake: nyumba yenye amani, glasi ya kwanza, kazi imepotea, mtoto analala na njaa, kisha kiapo, kisha nyumba imesimama tena. Walt Whitman, ambaye bado hakuwa mshairi wa kujulikana, aliandika riwaya ya namna hiyo, Franklin Evans, mwaka 1842. Iliuzwa kwa maelfu. Uzeeni aliieleza kuwa takataka aliyoiandika kwa ajili ya pesa, na akasimulia kwamba alijisaidia kwa kinywaji alipokuwa akiiandika.

Mtu aliyeuona uwongo uliojificha ndani ya umbo hilo alikuwa Edgar Allan Poe. Agosti 1843 gazeti moja la Philadelphia lilichapisha hadithi yake The Black Cat. Msimulizi yumo gerezani, kesho atanyongwa, na anataka kuutua mzigo wa roho yake. Anaanza kama shahidi yeyote wa mikutano ile: alikuwa mpole, alipenda wanyama, kisha pombe ikamharibu. Amemng'oa jicho paka wake, anaisingizia pombe. Amemtundika paka huyo mtini. Hapo analia, lakini hakumbuki kutaja pombe. Amemuua mkewe kwa shoka na kumjengea ndani ya ukuta wa chumba cha chini; kufikia hapo chupa imesahaulika kabisa, na anayezungumza ni mtu anayejisifia ubora wa kazi yake ya uashi. Polisi wanakuja, wanapekua, hawaoni kitu, wanaanza kupanda ngazi waondoke. Angenyamaza tu. Lakini anaugonga ukuta kwa fimbo ili kuonyesha ulivyo imara, na ndani yake paka wake wa pili analia.

Msomaji wa miaka hiyo alizoea ushuhuda unaoishia kwenye kiapo; Poe alimpa ushuhuda unaoishia kwenye kitanzi, na aliyeufikisha hapo ni mdomo wa shahidi mwenyewe. Kisingizio cha pombe kinasinyaa kadiri kisa kinavyosonga, na msimulizi hana habari kwamba sisi tunaona kinavyosinyaa. Huo ni ustadi ambao Marekani ilihitaji karibu miaka mia moja kuurudia.

Miaka mitatu baadaye, katika The Cask of Amontillado, Poe alifanya jambo jepesi zaidi lakini lenye sumu kali. Fortunato, ambaye jina lake lina maana ya mwenye bahati, analewa siku ya sherehe akiwa amevaa nguo za kichekesho, kisha anafuata ahadi ya pipa la divai adimu mpaka kwenye handaki atakamozikwa hai. Njiani anakohoa, anasema kikohozi hakitamuua. Mwenzake anakubaliana naye kabisa, na anamtakia maisha marefu kwa funda la divai. Kila sentensi ina sakafu mbili, na mlevi anatembea kwenye ile ya juu tu.

Poe mwenyewe aliapa. Agosti 1849, mjini Richmond, alijiunga na Wana wa Kiasi, chama cha watu waliokula kiapo cha kutokunywa. Oktoba 3 mwaka huohuo alikutwa hoi Baltimore, kwenye baa iliyokuwa ikitumika kama kituo cha kupigia kura, na siku nne baadaye akafariki hospitalini. Mji ni uleule ambako walevi sita walikuwa wameapa miaka tisa kabla.

Baada yake kinaya kilirudi mkiani, na aliyekishikilia hapo kwa mafanikio makubwa kuliko wote ni O. Henry. Katika The Cop and the Anthem, ya Desemba 1904, mzururaji Soapy anatafuta kila njia ya kukamatwa ili alale gerezani msimu wa baridi: anavunja kioo, anakula bila kulipa, anajifanya mlevi mtaani. Polisi hawamtaki. Anapousikia muziki wa kanisa na kuamua kubadilika, polisi anamshika mkono: miezi mitatu. Wasomaji wa New York walicheka wakisubiri hadithi ya wiki ijayo. Hawakujua kwamba mchekeshaji wao, William Sidney Porter kwa jina la kuzaliwa, alikuwa amekaa zaidi ya miaka mitatu katika gereza la Ohio kwa kosa la wizi wa fedha za benki, wala kwamba wiski ilikuwa ikimmaliza. Alikufa Juni 1910 akiwa na miaka 47. Umma ulijua habari za gereza miaka sita baadaye, ulipotoka wasifu wake. Mkia wa hadithi zake una ujanja wa kupendeza, lakini ujanja huo ulikuwa pia pazia. Hadithi ambayo ingekuwa kali kuliko zote, ya mfungwa wa zamani anayeandika vichekesho vya watu wanaotamani gereza, hakuiandika.

Turudi kwenye lile gazeti la Philadelphia. Mwaka 1843 lilikuwa limebadilisha jina kwa muda, lakini lilikuwa ni Saturday Evening Post. Gazeti hilohilo ndilo lililotoa John Barleycorn kwa mfululizo mwaka 1913. Na Februari 1931, marufuku ya pombe ikiwa bado inatawala, lilichapisha Babylon Revisited ya F. Scott Fitzgerald. Kwa miongo mingi Post lilikataa matangazo ya pombe. Lilikuwa gazeti la familia. Hadithi za walevi lililipia vizuri. Fitzgerald alikuwa akipokea hadi dola 4,000 kwa hadithi moja, pesa ambayo wakati ule ilinunua magari kadhaa mapya.

Charlie Wales, mhusika wake, amerudi Paris kumchukua binti yake mdogo, ambaye analelewa na shemeji tangu mama yake afariki. Miaka ya neema ya soko la hisa Charlie alikunywa, akatapanya, akavunja ndoa. Sasa amenyooka. Anakunywa glasi moja tu kwa siku, kwa makusudi, ili wazo la pombe lisimkue kichwani. Anatoa ushuhuda wake kwa shemeji kwa unyenyekevu mkubwa, na shemeji karibu anaamini. Hapo wanavamia rafiki zake wawili wa zamani, wamelewa, wanapiga kelele, na mtoto anapotea mikononi mwake.

Bahati mbaya? Ndivyo Charlie anavyoiona. Lakini msomaji akirudi kwenye ukurasa wa kwanza atakuta mtu huyu aliyebadilika yuko baa, Ritz, anaulizia habari za marafiki wa zamani, na anamwachia mhudumu anwani ya nyumba ya shemeji ili ampe mmoja wao. Hadithi inaanzia baa na kuishia baa. Fitzgerald, ambaye mkewe Zelda alikuwa hospitalini Uswisi na binti yao Scottie alikuwa na umri wa miaka tisa, hakuweka neno moja la lawama. Aliiacha ile anwani ikae mezani, tuione sisi.

Miaka minne baada ya hapo ushuhuda ulipata nyumba ya kudumu. Mei 1935 Bill Wilson, mtu wa soko la hisa kutoka New York, alisimama ukumbini mwa hoteli moja mjini Akron, Ohio, biashara yake imevunjika, upande mmoja kelele za baa na upande mwingine simu. Akachukua simu, akayapigia makanisa akiomba jambo la ajabu: atafutiwe mlevi wa kuzungumza naye. Akapewa daktari wa upasuaji, Robert Smith. Chama chao, Alcoholics Anonymous (AA), huhesabu umri wake kuanzia Juni 10 mwaka huo, siku ambayo Smith alikunywa kwa mara ya mwisho. Kinywaji hicho kilikuwa bia aliyopewa na Wilson mwenyewe ili mikono isitetemeke, maana daktari alikuwa na mgonjwa wa kupasua. Walevi wa Dar es Salaam wana neno lao kwa kitendo hicho, kuzimua. Chama kikubwa kuliko vyote vya kuacha pombe duniani kina siku ya kuzaliwa iliyowekwa alama na chupa ya kuzimulia.

Kitabu chao cha mwaka 1939 kilijaa visa vya wanachama, na mikutano ikaweka utaratibu: unataja jina lako la kwanza, unasema wewe ni nani, unaeleza ulivyokuwa, kilichotokea, na ulivyo sasa. Hakuna anayekukatiza. Utaratibu huo umesafiri mbali. Katika soba hausi za Unguja na Mombasa vijana ambao mtaani waliitwa mateja, waliowahi kugaragara kwa arosto, maumivu ya kukosa dawa, hukaa duara na kuanza kwa maneno yaleyale: naitwa fulani, mimi ni mraibu.

Sehemu ya tatu, ile ya "nilivyo sasa", ndiyo inayowapa watu matumaini mkutanoni. Waandishi wa hadithi fupi walichofanya baada ya Vita vya Pili ni kuichezea hiyo. Wengine waliiondoa. Wengine waliiweka lakini wakailegeza misumari.

James Baldwin aliutoa ushuhuda kinywani mwa mraibu akamkabidhi ndugu yake. Katika Sonny's Blues, ya mwaka 1957, mwalimu wa aljebra wa Harlem anasoma gazetini, ndani ya treni ya chini ya ardhi, kwamba mdogo wake amekamatwa kwa heroini. Mwalimu ana kazi, ana ndoa, ana nyumba, ndiye timamu. Hadithi nzima inamwonyesha kuwa kiziwi: Sonny amekuwa akizungumza tangu utoto na yeye hakusikia. Anakuja kusikia mwishoni, klabuni, mdogo wake akiwa kwenye piano. Kwa furaha anamwagizia kinywaji, wiski na maziwa, na glasi inakaa juu ya piano ikitetemeka. Ni baraka au ni hatari? Baldwin anaiacha pale juu. Wahakiki wengi huiona glasi hiyo kama ishara ya kidini tu. Mtu aliyewahi kuishi na mraibu hawezi kuitazama bila roho kumruka.

John Cheever aliondoa si sehemu ya tatu tu bali na kumbukumbu pia. Mwanzoni mwa The Swimmer, ya mwaka 1964, ni Jumapili ya kiangazi, na kila mtu kitongojini analalamika kwamba jana alizidisha kinywaji. Neddy Merrill anaamua kwenda nyumbani kwa kuogelea, bwawa hadi bwawa, nyumba hadi nyumba, akipokea glasi hapa na pale. Anajiona shujaa mvumbuzi. Majirani wanaanza kumpa pole kwa mambo asiyoyakumbuka, hewa inapoa, majani yanakuwa ya vuli. Anafika kwake: mlango umefungwa, nyumba tupu. Msomaji alikuwa amekwisha kujua mabwawa kadhaa nyuma.

Cheever alikijua alichokiandika. Msimu wa vuli wa 1973 alikwenda kufundisha Iowa, akiwa na miaka 61, na jengo moja naye alikaa mwalimu mwingine wa miaka 35 aitwaye Raymond Carver. Carver alisimulia baadaye kwamba wakati wote ule wawili hao hawakuvua hata vifuniko vya taipureta zao. Mara mbili kwa wiki walikwenda na gari la Carver kununua pombe. Asubuhi moja walipanga kufika duka likifunguliwa. Carver alishuka mapema akamkuta Cheever anazunguka ukumbini, viatu bila soksi. Muuzaji ndiyo kwanza anafungua mlango, gari halijasimama vizuri, Cheever ameshuka. Carver alipoingia, mzee yuko kaunta na chupa kubwa ya wiski mkononi. Hao ndio waliokuwa wakifundisha vijana jinsi ya kuandika hadithi.

Wote wawili waliacha. Cheever alilazwa katika kituo kimoja cha New York mwaka 1975 na hakunywa tena mpaka alipofariki 1982. Mkusanyiko wake wa hadithi ukampa tuzo ya Pulitzer mwaka 1979. Carver, mtoto wa fundi wa kunoa misumeno ya kiwanda cha mbao aliyekuwa naye mnywaji, alikunywa mara ya mwisho Juni 2, 1977. Alisema anajivunia jambo hilo kuliko lolote lingine maishani.

Ila kitabu kilichompa jina, What We Talk About When We Talk About Love cha 1981, kina kinaya chake cha uani. Wasomaji waliusifu ukimya wake: watu waliochoka, chupa mezani, sentensi zinazokatika kabla ya kusema lenye uzito. Walidhani ni ukimya wa mlevi aliyejua mengi. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa mkasi wa mhariri, Gordon Lish, aliyekata baadhi ya hadithi zaidi ya nusu na kubadilisha miisho. Julai 1980 Carver alimwandikia barua ndefu akimsihi asimamishe uchapishaji. Alikuwa ana miaka mitatu tu bila pombe, na alihofia akili yake isingestahimili. Kitabu kilitoka hivyohivyo. Matoleo yake kamili, yenye maneno mengi na huruma nyingi zaidi, yalichapishwa 2009, yeye akiwa amekufa kwa miaka 21.

Hadithi ambayo haikukatwakatwa hivyo ni Where I'm Calling From, iliyotoka New Yorker mwaka 1982. Tuko kwenye nyumba ya kuachia pombe kaskazini mwa California. Carver alikuwa amepitia mahali kama hapo, mjini Calistoga. Msimulizi hatoi ushuhuda wake. Anakaa barazani na mwenzake J.P., fundi wa kusafisha dohani, na kila J.P. anaponyamaza, msimulizi anamwomba aendelee: alivyotumbukia kisimani utotoni, alivyompenda mwanamke aliyekuja kusafisha dohani nyumba ya rafiki yake, ngumi zilivyoanza ndani ya nyumba. Anayasikiliza maisha ya mwenzake kama mtu anayeota moto wa jirani. Ya kwake yanatokea kwa vipande: mke, rafiki wa kike, hii ni mara yake ya pili hapo, na njiani kuja alikuwa amelewa.

Mwenye nyumba, Frank Martin, anatoka barazani na sigara yake, anawaonyesha kilima ng'ambo ya bonde. Nyuma ya kilima kile, anawaambia, ndiko alikokuwa akiishi Jack London. Mtu bora kuliko yeyote kati yetu, na pombe ilimuua. Walevi wanatazama kilima.

Mwishoni, siku ya mwaka mpya, msimulizi anajiandaa kupiga simu, na kichwani mwake inapita hadithi ya London, To Build a Fire: mtu yuko peke yake kwenye baridi kali ya Yukon, atakufa asipowasha moto, anafanikiwa kuuwasha, kisha theluji inaanguka kutoka tawini na kuuzima. Carver hasemi kwa nini mtu wake anaikumbuka hadithi hiyo akiwa na simu mbele yake. Aliyeisoma ya London anajua kilichosahauliwa hapo: mtu yule alijengea moto wake chini ya mti. Kosa lilikuwa mahali alipochagua kukaa.

Carver alifariki Agosti 1988 kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 50. Alishinda chupa, sigara hakuzimudu. Hadithi yake ya mwisho kuchapishwa akiwa hai inahusu kitanda cha mauti cha Chekhov na chupa ya shampeni ambayo daktari aliiagiza chumbani.

Mmoja wa vijana waliokuwa Iowa miaka ile ya Carver, Denis Johnson, alileta heroini mahali pa wiski katika Jesus' Son ya mwaka 1992. Alieleza kwamba alizitoa kabatini hadithi hizo kwa sababu alidaiwa kodi ya dola 10,000 na serikali. Msimulizi wake anazungumza kutoka mahali fulani pa baadaye ambapo amepona, au karibu, na hakuna anayejua ni wapi.

Na Oakland? Iliendelea. Lucia Berlin, aliyezaliwa Alaska mwaka 1936, aliishi huko na Berkeley ya jirani miaka ya sabini na themanini akiwalea wana wanne, akifanya kazi ya kusafisha nyumba za watu, kupokea simu hospitalini, kuhudumu chumba cha dharura. Alikunywa. Hadithi yake Unmanageable inachukua jina kutoka hatua ya kwanza ya AA, pale mwanachama anapokiri kwamba maisha yamemshinda kuyaendesha. Basi angalia anachokifanya mwanamke huyu ambaye maisha yamemshinda. Usiku wa manane anatetemeka. Sheria ya California inafunga maduka ya pombe saa nane usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Wanawe wamechukua pochi na funguo za gari. Anazoa sarafu, anapiga hesabu ya muda na bei, anatembea kwa miguu gizani, anawakuta wanaume wengine wanaongoja mlango ufunguliwe, nao wanampokea kwa upole wa watu wenye shida moja. Anarudi na vodka kabla watoto hawajaamka. Anafua soksi zao. Kwa mpangilio, kwa kuratibu, kwa kuona mbele, hakuna meneja wa kampuni anayemfikia.

Ni kinaya kile cha London na cha Poe, ila Berlin amekiondolea majivuno. Mwanamke wake hajidanganyi hata kidogo. Anajua, na sisi tunajua kwamba anajua.

Mwaka 1985 Berlin alipewa zawadi kwa hadithi yake ya ukurasa mmoja kuhusu mpanda farasi wa mashindano aliyeletwa chumba cha dharura akiwa amevunjika mifupa. Zawadi hiyo iliitwa Jack London. Aliacha pombe, akafundisha uandishi gerezani San Francisco, kisha chuo kikuu huko Colorado, akafariki Novemba 12, 2004, siku aliyotimiza miaka 68, vitabu vyake vikiwa vinasomwa na wachache. Mkusanyiko wa A Manual for Cleaning Women ulipotoka 2015, ndani ya wiki chache uliuza nakala nyingi kuliko vitabu vyake vyote vya awali vikijumlishwa.

Katika Unmanageable watoto wanaondoka kwenda shule. Mama amewaaga, nyumba ni safi, nguo zimekauka. Anatoka. Saa hizi hahitaji kutembea mbali. Duka la pombe la kwenye kona nalo limeshafunguliwa.